Sura ya Sita: Nimepokea, Sijakubali

Chukua LPO, hati ya kuagiza bidhaa, ya katoni 200 za sabuni, imetoka kwa msambazaji wa Arusha kwenda kiwandani Dar es Salaam. Enzi za karatasi, tarishi aliifikisha mapokezi, karani akagonga muhuri wa IMEPOKELEWA, akaandika tarehe na kubaki na nakala moja. Muhuri ule ulithibitisha jambo moja tu, kwamba karatasi imefika. Haukusema sabuni ipo stoo, haukusema bei ya mwezi uliopita ingali ileile, wala kwamba lori litapakia Alhamisi. Hayo yalikuwa ya meneja mauzo, na neno lake lilikuja baadaye kwa barua au kwa simu. Sijui mfanyabiashara aliyewahi kuchanganya muhuri wa karani na neno la meneja.

Kompyuta zikiachiwa kazi hiyo, ya msambazaji ikiagiza na ya kiwanda ikijibu, tofauti hiyo hupotea kwa wepesi wa kushangaza. Dai langu katika sura hii ni kwamba kusafirisha ujumbe kati ya kampuni mbili ndiyo sehemu rahisi ya kuziunganisha. Kazi iko kwenye kukubaliana jibu lipi lina uzito gani, na nini kifanyike pale ambapo jibu halikuja kabisa.

Mfano ulio karibu na wengi wetu ni lile ombi la malipo linalochomoza kwenye simu na kukudai namba ya siri. Mwaka 2017 Safaricom ilizindua Daraja, huduma inayoruhusu mifumo ya wafanyabiashara kuzungumza moja kwa moja na M-Pesa. Duka la mtandaoni linatuma ombi lake: namba hii ya simu, shilingi 1,500, kwa oda fulani. Sekunde moja au mbili, jibu linarudi likiwa na sifuri, na sifuri katika mifumo hii ni heri. Msanidi programu mchanga anaiona sifuri, anaandika kwenye kanzidata kwamba oda imelipwa, na mzigo unatoka. Kumbe mteja hajagusa simu. Huenda hana salio, huenda anaghairi dakika hiyohiyo, huenda chaji imeisha.

Sifuri ile ilisema tu kwamba ombi limepokelewa na litashughulikiwa. Habari ya malipo yenyewe huja baadaye na kwa njia nyingine: safari hii M-Pesa ndiyo inayopiga hodi kwenye seva ya duka, kwenye anwani iliyoandikwa ndani ya ombi la kwanza, ikileta matokeo. Mteja akighairi, matokeo yana namba 1032. Simu isipopatikana, 1037. Ikija sifuri ya pili, hapo ndipo mzigo utoke. Nimeona mifumo ya wauzaji iliyojengwa juu ya sifuri ya kwanza, na wenye nayo hugundua mwisho wa mwezi, hesabu zinapokataa.

Tatizo hili ni la zamani kuliko intaneti. Mwaka 1948, Berlin Magharibi ilipozingirwa na kulishwa kwa ndege, makaa ya mawe na unga vilishuka uwanjani usiku na mchana pamoja na hati za shehena zilizoandikwa kila moja kwa mtindo wake. Askari wa uchukuzi wa Marekani, Edward Guilbert, pamoja na wenzake, walitunga mpangilio mmoja wa hati ambao ungeweza kusomwa kwa simu au kutumwa kwa teleksi, na upande wa pili ukajua nini kimepanda ndege gani. Baada ya jeshi aliendelea na wazo hilo katika kampuni ya kemikali ya DuPont. Mwaka 1968 kampuni za uchukuzi za Marekani ziliunda kamati ya kusanifisha data zao, na mwaka 1979 ikaanzishwa kamati ya X12, ambayo viwango vyake vinaendesha biashara kubwa ya Amerika Kaskazini hadi leo. Umoja wa Mataifa ukafuata na kiwango chake, EDIFACT, mwaka 1987.

Katika X12 kila hati ina namba. LPO ni 850. Taarifa kwamba mzigo umeondoka ni 856. Ankara ni 810. Ila wazee wale waliweka majibu mawili ya LPO badala ya moja. Namba 997 husema: ujumbe wako umefika na mpangilio wake unasomeka. Namba 855 husema: tumeiona oda yako, tunaikubali, au tunaikubali nusu, au tunaikataa. Karani na meneja, kila mmoja na hati yake. EDIFACT ina mgawanyo huohuo, CONTRL kwa la kwanza na ORDRSP kwa la pili. Waliotunga haya walitoka kwenye maghala na bandari, na kazi yao inaonyesha.

Kasoro ya mfumo huo ilikuwa gharama. Ujumbe ulipita kwenye mitandao ya kulipia iliyotoza kwa wingi wa herufi, na programu za kuufungua ziliuzwa ghali. Kampuni kubwa zilimudu, kisha zikawalazimisha wagavi wadogo nao waingie. Wengi wao waliingia nusu: ujumbe ulifika kwenye kompyuta moja kona ya ofisi, mtu akauchapa kwenye karatasi, halafu akauandika upya kwa mkono kwenye mfumo wa hesabu. Kwa mnunuzi, mgavi alikuwa ameunganishwa. Kwa mgavi, alikuwa ameongezewa karani.

Ndipo zikaja huduma za wavuti. Wazo lenyewe ni jepesi: njia ileile ambayo kivinjari chako huombea ukurasa, programu moja iitumie kuomba kazi kwa programu ya kampuni nyingine, kupitia intaneti ya kawaida, bila mtandao wa kulipia herufi. XML, namna ya kuandika data ikiwa na majina yake pembeni, ilipitishwa Februari 1998. SOAP, bahasha ya kubebea ujumbe huo, ilichapishwa katika toleo lake la 1.1 Mei 2000. Ikaja na WSDL, hati ambayo huduma hujieleza nayo: napokea nini, narudisha nini, napatikana wapi.

Hapo watu walilewa kidogo. Septemba 2000 IBM, Microsoft na Ariba walitangaza UDDI, sajili ya dunia nzima ambamo kila kampuni ingeandikisha huduma zake, yenye kurasa nyeupe za majina, kurasa za njano za aina za biashara na kurasa za kijani za maelezo ya kiufundi. Ndoto ilikuwa hivi: kompyuta ya kiwanda ikikosa malighafi itafute sajilini, imwone mgavi asiyejulikana, isome maelezo yake na kuagiza, watu wakiwa wamelala. Sajili hiyo ya umma ilifungwa Januari 2006. Mitambo ilifanya kazi. Ila hakuna anayemtumia mgeni oda ya milioni mia kwa sababu tu anwani yake inasomeka. Mtu anataka kujua huyu ni nani, nani anamdhamini, alichelewesha mzigo wa nani mwaka jana, na akidhulumu atashtakiwa wapi. Muuza vitunguu wa Kariakoo angewaeleza hayo bure.

Waliofanikiwa walikuwa wale waliojali taratibu kuliko bahasha. Mwaka 1998 kampuni za kompyuta na vipuri vya elektroniki ziliunda RosettaNet, zikakaa chini kuandika shughuli moja baada ya nyingine: nani anaanza, nani anajibu, kwa muda gani. Shughuli ya kuomba oda ya ununuzi, iliyopewa namba 3A4, inataka anayepokea athibitishe kupokea ndani ya saa mbili, kisha ajibu kama anakubali ndani ya saa 24. Muda ukipita bila uthibitisho, ujumbe hutumwa tena. Majaribio yakiisha, shughuli inahesabiwa kuwa imeshindikana, na pande zote mbili zinajua hivyo. Sijaona kifungu chenye faida zaidi ya hicho katika maandiko yote ya taaluma hii, kwa sababu kinaupa ukimya maana.

Ukimya una sura mbili, na anayesubiri hana namna ya kuzitofautisha. Msambazaji wetu wa Arusha ametuma LPO; sekunde 30 zimepita, hakuna kitu. Pengine ujumbe haukufika. Pengine ulifika, kiwanda kikauandikisha, na jibu ndilo lililopotea mtandao ulipokatika. Asipotuma tena, huenda rafu zikabaki tupu. Akituma tena, huenda Jumamosi akapokea katoni 400. Hata kuthibitisha uthibitisho hakusaidii, maana wa mwisho kutuma siku zote hubaki hajui kama ujumbe wake umefika. Hili limethibitishwa kihesabu, wala hakuna kifaa cha kununua kitakachoondoa shaka hiyo.

Tiba inayotumika ni ya kikarani tena. Kila LPO ibebe namba yake ya pekee, iliyotungwa na anayeagiza kabla ya kutuma mara ya kwanza. Akirudia, arudie na namba ileile. Anayepokea atunze daftari la namba alizokwisha kuzishughulikia, na akiona iliyopita asianze kazi upya; arudishe jibu lilelile la mwanzo. Hapo msambazaji anaweza kutuma mara tano usiku kucha, na sabuni zikabaki katoni 200. Ni mistari michache ya programu, na ajabu ni jinsi inavyosahaulika, kwa sababu siku ya majaribio ofisini mtandao huwa mzuri na kila jibu hurudi.

Daraja ina mahali pengine ambapo ukimya umeshughulikiwa kwa uwazi ninaoupenda. Mteja anapolipa kwenye namba ya biashara kwa kuanza mwenyewe kwenye simu yake, M-Pesa inaweza kwanza kuiuliza seva ya biashara: huyu anataka kulipa kiasi hiki kwa akaunti hii, tumruhusu? Shule, kwa mfano, inaweza kukataa namba ya mwanafunzi isiyokuwepo. Lakini seva ya shule ikiwa imezimika? Siku ya kuandikisha anwani zake, shule hutakiwa kuchagua kabla: tusipopatikana, malipo yakamilishwe, au yafutwe. Chaguo la kwanza huleta pesa zisizo na mwenyewe, na mhasibu atafute baba wa nani kalipa. La pili humrudisha mzazi nyumbani siku ya mwisho ya ada. Hilo ni la mkuu wa shule na mhasibu wake kuamua, ingawa mara nyingi linaamuliwa na kijana wa IT aliyenakili mfano kutoka kwenye maelezo.

Tanzania ina mfano mpana zaidi. Tangu mwaka 2017 malipo ya taasisi za umma yamekuwa yakihamia kwenye mfumo wa GePG, na mwananchi anaujua kwa ile namba ya kumbukumbu ya malipo yenye tarakimu 12, ambayo mitaani wanaiita kontroo namba. Nyuma ya namba hiyo pana mazungumzo ya pande tatu. Taasisi, tuseme halmashauri, inatuma ankara GePG ikiwa imetiwa saini ya kidijitali. GePG inajibu papo hapo kwamba imepokea, basi. Baadaye kidogo inaleta ujumbe mwingine wenye namba yenyewe, au sababu ya kuikataa ankara, na halmashauri nayo inathibitisha kuupokea. Mwananchi anapolipa kwa benki au kwa simu, mtoa huduma wa malipo anaiuliza GePG namba hiyo ni ya nani na inadai kiasi gani, kisha anatoa taarifa kwamba amepokea pesa, na GePG inaisukuma taarifa hiyo kwa halmashauri, ambayo inathibitisha tena.

Hesabu ni nyingi kwa risiti moja ya leseni ya biashara, lakini kila uthibitisho hapo unalinda upande mmoja dhidi ya ukimya wa mwingine. Na juu ya yote hayo upo ulinganishaji wa hesabu: siku ikiisha, taasisi huomba orodha ya miamala yote ya tarehe fulani na kuilinganisha na kumbukumbu zake, mstari kwa mstari. Waliobuni hawakuamini kwamba ujumbe wao wenyewe utafika kila mara. Nadhani hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote mtu anayoweza kuwa nayo katika kazi hii.

Mpakani ukimya huonekana kwa macho. Chini ya utaratibu wa Himaya Moja ya Forodha, ulioanza kutekelezwa mwaka 2014, shehena ya Uganda inayoshukia Mombasa hukadiriwa na kulipiwa kodi Uganda kabla haijaondoka bandarini. Uganda inatumia ASYCUDA World, mfumo uliotokana na shirika la Umoja wa Mataifa la UNCTAD; Kenya ina mfumo wake, na Tanzania ilijenga wake, TANCIS. Mifumo hiyo lazima ipokezane habari kwamba kodi imelipwa na mzigo uachiliwe. Ujumbe ukikwama, lori linasimama, dereva anakula posho, na kontena linaanza kuhesabiwa siku za kutozwa. Wakala wa forodha hapo hafungui kitabu cha SOAP. Anapiga simu, anatuma picha ya stakabadhi kwa WhatsApp, na mtu wa upande wa pili anaanza kutafuta.

Tuchukulie sasa kwamba kila ujumbe umefika na kila jibu limekuja. Bado pana shida ya maana. Mnunuzi wa Nairobi anaagiza magunia 300 ya mahindi kwa mfanyabiashara wa Mbeya. Kenya gunia la mahindi huhesabiwa kilo 90, Tanzania kilo 100. Tofauti ni tani tatu kamili, na hakuna mashine itakayoigundua, kwa kuwa 300 ni 300 kila upande. Lumbesa, gunia lililojazwa kupita kiasi, ndiyo usiseme. Hiyo Wakala wa Vipimo wameipiga vita miaka na miaka. Ndiyo sababu viwango vya kubadilishana data havipokei neno gunia vivihivi. Vinataka kipimo kwa msimbo uliokubaliwa na dunia, KGM kwa kilo na TNE kwa tani, na gunia libaki kuwa habari ya ufungashaji.

Kwa sabuni ni vivyo hivyo. Msambazaji akiandika 200, ni miche au katoni? Mfumo wa GS1, ule wa mistari ya msimbo inayosomwa kaunta, unatoa namba moja kwa mche na nyingine kwa katoni ya bidhaa hiyohiyo. Namba zinazoanza na 616 zimetolewa kupitia Kenya na za 620 kupitia Tanzania. Kampuni zikikubaliana kuagiza kwa namba ya katoni, swali linakwisha. Zikiagiza kwa jina, "sabuni kubwa ya bluu", zitabishana hadi mmoja achoke.

Tarehe nayo. 03/04 ni mwezi wa nne kwetu na wa tatu kwa Mmarekani, ndiyo maana mifumo makini huandika mwaka kwanza. Saa ina mtego wa kwetu wenyewe: mtu wa stoo akisema lori lifike saa 2, ana maana ya asubuhi kweupe, ambapo mashine inaelewa usiku wa manane umepita kidogo. Upo na mtego uliojificha zaidi. Seva nyingi huhesabu muda kwa saa za dunia, ambazo ziko nyuma ya Dar es Salaam na Nairobi kwa saa tatu. Kwa seva hiyo siku mpya inaanza saa tisa usiku wetu. Malipo yaliyofanyika kati ya saa sita na saa tisa usiku yanaingia tarehe moja kwa mfanyabiashara na nyingine kwa mtoa huduma, na kila asubuhi hesabu zinapishana kwa kiasi kidogo chenye kukera. Jumla ya mwezi inakaribiana, kwa hiyo watu wanazoea. Wasizoee, pishano linalozoeleka ndilo pazia zuri la wizi.

Sheria ilikwisha kuyafikiria baadhi ya haya. Sheria ya mfano ya biashara ya kielektroniki ya UNCITRAL, chombo cha Umoja wa Mataifa, ya mwaka 1996, ina kifungu cha uthibitisho wa kupokea. Kinasema kwamba mtumaji akiwa ameeleza kuwa ujumbe wake unategemea uthibitisho, basi ujumbe huo uhesabiwe kana kwamba haukutumwa kamwe hadi uthibitisho ufike. Kinasema pia kwamba uthibitisho wa kupokea peke yake hauonyeshi kuwa kilichopokelewa ndicho kilichotumwa. Wanasheria, watu ambao mafundi wa kompyuta hupenda kuwalalamikia, waliandika katika aya chache jambo ambalo programu nyingi bado hazijalitii. Tanzania ina Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, inayotambua mikataba iliyofungwa kwa ujumbe wa kompyuta. Kwa hiyo 855 ya kiwanda cha sabuni inaweza kubeba uzito wa saini, na aliyeiachia programu itoe majibu ya kukubali bila kukagua stoo amegawa saini yake.

Ninapopewa mkataba wa kuunganisha mifumo ya kampuni mbili nausomea nyuma, kuanzia viambatisho. Kurasa za mbele huwa na usiri, nia njema na mahakama ya kwenda. Natafuta orodha ya ujumbe, na kwa kila ujumbe jibu lake la karani na jibu lake la meneja, na muda wa kila moja. Natafuta namba ya pekee itungwe na nani na itunzwe kwa muda gani; wiki moja haitoshi, maana oda zinazorudiwa baada ya mfumo kulala mwisho wa mwaka zipo. Natafuta vipimo, tarehe na saa za nchi gani. Natafuta ni nani analipa lori la pili likija kwa makosa, na hapa ndipo kikao hurefuka, kwa sababu mpaka dakika hiyo watu wa biashara walikuwa wamewaachia mafundi meza, nao sasa wanavuta viti. Mwisho natafuta namba mbili za simu, moja kila upande, za watu wenye madaraka ya kusimamisha mfumo usiku bila kuomba ruhusa. Zikikosekana, narudisha mkataba bila kusaini.